Mguu wa Kutembelea

Mimi ni fundi wa miguu ya bandia, na mteja wangu msumbufu kuliko wote ni mdogo wangu wa tumbo moja. Pale karakanani wote tunamwita Umeme. Nilimtengenezea miguu miwili: mmoja wa kutembelea, wenye kiatu na vidole vyake, na mmoja wa kukimbilia, lile bamba jeusi lililopinda linalodunda kama springi. Wa kukimbilia aliuvaa siku hiyo hiyo. Ule mwingine aliutazama kama mtu aliyepewa kiporo.

"Wa kutembelea? Kwani naenda kumtembelea nani?"

Karakana nzima ikacheka. Mimi nilinuna, maana niliupaka rangi kwa mkono wangu mpaka ukafanana na ngozi yake. Nikautundika kwenye msumari juu ya meza yangu, ukakaa hapo miaka.

Basi bwana, akataka kushindana na wenye miguu yao yote. Chama cha riadha kikakataa: eti bamba linamrusha, atawaonea wenzake. Kuonea nani, jamani? Mtu kakatwa mguu chini ya goti, halafu anaambiwa kapendelewa! Nilifoka mpaka sauti ikanikauka. Mwishowe wakakubali apimwe. Kama bamba halimwongezei kitu, angekimbia na wengine kwenye mashindano ya Jumamosi. Hakuna alichokitaka duniani zaidi ya hiyo Jumamosi.

Tukaenda maabara. Wakampandisha kwenye mashine ya kukimbilia, ambayo chini yake ina vipimo vya kuonyesha kila mguu unaikanyaga kwa nguvu kiasi gani. Mpimaji, mama mmoja mpole, akamuuliza, "Mguu wako mzuri ni upi?"

Umeme akagonga bamba. "Huu hapa. Kazi ya dada."

Alikimbia huyo, we! Nikasimama pembeni kichwa kimenivimba. Kwenye skrini, kila bamba lilipokanyaga, mstari ulipanda kidogo tu. Ulipokanyaga mguu wa nyama, ulipanda mpaka juu kabisa.

"Bamba halimpi faida yoyote," mpimaji akasema. "Linasukuma kidogo. Mguu wake wa kuzaliwa ndio unaobeba na sehemu ya mwenzake. Chama hakina la kusema."

Umeme akapiga ukelele, akanikumbatia na jasho lake lote. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Ila yule mama hakucheka.

"Na huo mguu unaobeba, hauumi?"

"Kidogo. Nani anakimbia asiumwe?"

Akaubonyeza muundi kwa kidole. Umeme akaruka. Wakampiga picha ya eksirei hapo hapo, na daktari wao akatuonyesha ufa kwenye mfupa, na chini yake nyufa nyingine za zamani zilizounga vibaya.

"Kutembea, sawa," daktari akasema. "Kukimbia, basi. Ukivunjika huu, siwezi kukuahidi kwamba tutauokoa."

Mimi sikosi la kubisha. Nikasema nitalilainisha bamba, nitalibadilisha, nitaunda jingine. Daktari akatikisa kichwa hata sijamaliza.

Ijumaa chama kikapiga simu. Umeme alikuwa ameketi kwenye kiti changu karakanani. Nilisikia hongera zao, na kwamba kesho amepangiwa njia ya nne. Akasema asante, akaeleza kwamba hatakuja kukimbia, akakata. Kisha akalifungua bamba, akaliweka mezani, akaanza kuusugua ule muundi taratibu.

"Pole, ndugu yangu," akauambia mguu. "Kumbe ni wewe."

Nilijifanya natafuta bisibisi.

"Dada, ule wa kutembelea bado upo?"

"Upo."

Nikaushusha, nikaufuta vumbi. Jua la uwanjani lilikuwa limeikoza ngozi yake, na rangi yangu ilikuwa imefifia. Haukufanana naye tena. Moyo uliniuma, nikajaribu kumrudishia utani wake.

"Haya, unaenda kumtembelea nani?"

Alikaza mikanda yote kwanza.

"Uwanja," akasema. "Kesho. Nikakae na watazamaji."