Mwanamume Hapandi Darini

Chelangat alikuwa na ulimi mkali na dari iliyojaa, na watu wa laini, zile safu za nyumba za vibarua wa shamba, hawakujua wamchukie kwa lipi kwanza. Nyumba yake ilisimama peke yake juu ya mteremko, upande wa Gilgil, kwenye shamba la mzungu alikochuma pareto tangu mumewe alipofariki. Ukiingia ndani hukuona chakula hata punje. Vyote vilikuwa juu, kwenye dari ya fito iliyokuwa moja kwa moja juu ya meko.

Huko ndiko alikoweka wimbi wake. Hakuupura. Aliukausha ungali kwenye masuke, akaupanga katika vikapu vikubwa, akaviziba midomo kwa samadi iliyokandwa na majivu, kisha akauachia moshi kazi iliyobaki. Mahindi ukiyaweka msimu mmoja fukusi wanayafanya unga kabla hujayafikisha kwenye jiwe la kusagia. Wimbi wa juu ya moshi unaweza kukaa mpaka mtoto aliyezaliwa ukivunwa apate meno ya pili. Kando ya vikapu kulikuwa na mafungu ya mboga zilizokaushwa na vipande vya nyama vigumu kama ngozi ya kiatu. Chelangat alikuwa ameona njaa utotoni, akaapa haitamkuta tena mikono mitupu.

Nzige walipopita mwaka uliotangulia wakaacha mashamba yamebaki vijiti, laini nzima ilimpandia mlimani na vikapu. Aliwarudisha wote. Wa mwisho alikuwa Adero, mke wa Owino dereva wa trekta, aliyekuja na mtoto mgongoni, mtoto mwenyewe akiwa ametoka kuugua surua, mifupa mitupu. Adero aliomba kibakuli kimoja cha uji. "Dari yangu si duka," Chelangat akamjibu, akarudi ndani. Mtoto alipona kwa uji wa watu wengine, si kwa hisani ya Chelangat.

Basi mwaka huu Cheptoo, binti yake wa pekee, akarudi nyumbani na watoto watatu na uso uliofura upande mmoja. Mumewe alikuwa Jonah, nyapara wa shamba. Jonah alivaa koti hata jua likiwaka, aliongoza nyimbo kanisani Jumapili, na Jumatatu alimpiga mkewe kwa kiboko kilekile alichotishia nacho vibarua. Safari hii Cheptoo alikuwa amepoteza jino. Mama yake alimtazama mara moja tu, akapanda darini akashusha kikapu.

"Hurudi kule," alisema. "Mimi nikiwa hai na hii dari ikiwa na kitu, hurudi."

Jonah alisikia maneno hayo, maana mambo ya laini hayafichiki. Hakwenda kumwomba mkewe msamaha. Alikwenda kwa Bwana, mzungu mwenye shamba.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Bwana alilala na bunduki chini ya mto na kila mbwa akibweka aliona wapiganaji wa msituni waliokuwa wakiwawinda wazungu. Jonah hakuhitaji maneno mengi. Alimwambia kuna watu wamejaza chakula majumbani, na chakula kingi kina wenyewe msituni. Siku iliyofuata amri ikasomwa mbele ya vibarua wote: kila nyumba ibaki na debe moja la nafaka, kinachozidi kipelekwe stoo ya shamba, watu watagawiwa posho kila Jumamosi. Ufunguo wa stoo akapewa Jonah. Na jina la Cheptoo, kwa kuwa alikuwa mke wa mtu, liliwekwa chini ya mumewe. Akitaka kula, posho yake ilikuwa nyumbani kwa Jonah.

Laini nzima ilielewa mtego huo ulitegwa kwa ajili ya nani. Wengi walicheka kwa siri, na nani angewalaumu.

Chelangat mwenyewe alicheka waziwazi. Kwao dari ni ya mwanamke. Mume hapandi huko, hatii mkono, hata kuuliza kuna nini ni aibu. Na huyu Jonah zaidi ya yote alikuwa mkwe. Mkwe na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala mkwe haingii nyumba yake bila ruhusa na heshima zake. Atapandaje kwenye dari ya mama wa mke wake? Kwa hiyo Chelangat hakuficha hata kikapu kimoja. Hakuchimba shimo, hakupeleka kitu kichakani. Aliketi mlangoni akisubiri kumwona Jonah akijiaibisha.

Jonah alikuja, lakini alisimama nje ya ua akiwa amegeuza mgongo. Aliyeingia uani alikuwa Masinde, askari wa shamba, mtu wa kutoka Bungoma.

"Mama, mimi natumwa tu," Masinde alisema. "Nataka kuona hiyo chakula iko juu."

"Mwambie aliyekutuma apande mwenyewe!" Chelangat alipaza sauti, macho yake kwenye kizingiti cha mlango ili asimwone mkwe. "Si ameokoka? Si anasema mambo ya wazee ni ya shetani? Apande basi!"

"Mwambie huyo mama," Jonah naye aliuambia ukuta wa hewa ulio mbele yake, "amri ni ya Bwana, si yangu."

"Mwambie huyo mtu, jino la binti yangu pia ilikuwa amri ya Bwana?"

Shingo ya Jonah ilikuwa imetoka mishipa. Masinde alimtazama huyu, akamtazama yule, akaona hawa watu watamweka hapo mpaka ng'ombe warudi. Akaegemeza bunduki ukutani, akaikanyaga ngazi, akaingiza kichwa darini. Huyu hakuoa kwa Chelangat. Kwao Bungoma walikuwa na miiko yao, na huu haukuwamo.

Alishuka akipangusa masizi usoni. "Ni nyingi," alimwambia Jonah. "Hiyo inataka mkokoteni."

"Kesho asubuhi," Jonah akasema, na sauti yake ilikuwa tamu kama ya mtu aliyeshiba. "Na mwambie mke wangu nyumba yangu haijafungwa."

Walipoondoka Chelangat alibaki palepale mlangoni. Alijiona mjinga, na hakuna kilichomuuma maishani kama kujiona mjinga. Alikuwa ameutegemea mwiko kana kwamba mzungu na askari wake wameapishwa nao. Ndani, Cheptoo alikuwa ameanza kulia polepole ili watoto wasisikie.

"Nyamaza," Chelangat alisema. "Amri inasema debe moja kwa nyumba. Nyumba ni ngapi pale chini?"

Cheptoo alimwelewa, akaacha kulia kwa mshangao. "Mama, wale watu unawachukia. Wao pia wanakuchukia."

"Najua. Shusha vikapu."

Alasiri, wanawake walipotoka kuchuma pareto, walimkuta Chelangat amesimama njiani na madebe aliyoazima kwa matusi na kwa vitisho, yamejaa wimbi na kuzibwa midomo kwa samadi. Aliwaambia wazi. Kila mmoja achukue debe la wimbi aliweke nyumbani kwake, na yeye atakuja kulichukua kidogokidogo mpaka mvua inyeshe. Kisha mke wa Makokha akauliza lile ambalo wote walikuwa nalo mdomoni.

"Na tukila?"

"Mkila mtakuwa mmekula. Bora matumbo yenu kuliko ufunguo wa Jonah."

Pengine waliochukua walichukua kwa kumchukia Jonah zaidi. Mwaka mzima alikuwa amewapunja mshahara na kuwachapa watoto wao waliookota kuni. Walijitwika madebe wakateremka mchana kweupe, wakimpita nyapara akiwa mlangoni mwa stoo, wala hakuna sheria waliyoivunja. Adero alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya Chelangat, akamtazama usoni, akachukua debe lake.

Asubuhi mkokoteni ulipopanda, Masinde alikuta debe moja. Alicheka mpaka akakohoa. Jonah, nje ya ua, alitukana kwa lugha ambayo haiimbwi kanisani.

Basi ikawa kila jioni Chelangat anateremka laini na kibakuli. Wimbi alirudishiwa, ila haukuja peke yake. "Karibu, mwenye duka," mmoja angemwambia. Mwingine alimsimamisha mlangoni mpaka amalize kusuka nywele za binti yake. Mke wa Makokha alikuwa amekula nusu ya debe na alimwambia bila haya. Chelangat, ambaye zamani angemjibu mtu hata kabla hajamaliza kusema, alimeza yote. Alirudi nyumbani, akampa Cheptoo kibakuli, watoto wakala.

Mvua ilichelewa. Kila Jumamosi Jonah alituma mtu kusema posho ya mkewe inangoja. Nyumba moja baada ya nyingine wimbi ukaisha, mpaka ikabaki nyumba ambayo Chelangat alikuwa hajaikanyaga. Siku hiyo alimkuta Cheptoo akikunja nguo za watoto kwenye kifurushi, ameyakaza macho yake chini.

Adero alikuwa akichambua mboga mlangoni. Hakusimama, hakumpa kigoda.

"Nimefuata wimbi wangu," Chelangat alisema.

Adero aliingia ndani akalivuta debe kutoka uvunguni. Mdomo wake ulikuwa bado umezibwa kwa samadi, kama lilivyotoka. "Owino aliniuliza kila siku, kwa nini nanunua unga na wimbi iko ndani. Sikuonja. Wangu pia hawakuonja. Nilikuwa nakungoja." Alikanyaga debe kwa mguu mmoja. "Mimi nilikuja kwako nikaomba. Wewe hujaomba. Omba."

Wanawake wa nyumba za jirani walikuwa wametoka nje, wakasimama kabisa, hakuna aliyejisingizia kazi. Chelangat aliona angeweza kugeuka na kuondoka. Alikiona pia akilini kile kifurushi cha nyumbani.

"Naomba, Adero," alisema.

"Sijasikia."

"Nakuomba chakula. Wajukuu wangu wana njaa."

Adero aliondoa mguu. "Chukua. Na kwangu usikanyage tena."

Chelangat alijitwika debe akapanda mteremko, machozi ya aibu yakimtiririka na mikono yake miwili ikiwa juu isiweze kuyafuta. Cheptoo alimpokea mzigo mlangoni.

"Adero amekurudishia? Ulimwambia nini?"

"Nilimwomba."

Cheptoo alikuwa hajawahi kusikia neno hilo kinywani mwa mama yake. Alifungua kifurushi, akarudisha nguo za watoto kwenye kamba, akavuta jiwe la kusagia.