Aliye Mbele Yako Uwanjani

Kaunti ilikuwa imempa kila kikundi nafasi moja tu kwenye mchujo wa mbio za mita elfu kumi, na Waruguru, kocha wa kikundi cha Mugutha, nafasi yake alimpa mtu ambaye hajawahi kushindana uwanjani hata siku moja. Sasa alisimama kando ya mstari wa kumalizia katika uwanja wa Thika, baridi ya Julai ikimpenya hadi mifupani.

Mtu mwenyewe alikuwa Mwanzia. Siku za kazi alichonga mawe ya kujengea katika machimbo ya Juja, na jioni ikifika alivaa viatu vyake akarudi Ruiru mbio, kandokando ya barabara kuu, mkoba mgongoni. Mbio za barabarani alikuwa amezishinda hadi watu wakaacha kushangaa. Lakini barabara ni barabara, na uwanja ni uwanja.

Aliyenyimwa nafasi alikuwa Njau, mtoto wa kaka yake Waruguru. Njau alikulia uwanjani tangu shule ya msingi, na mwaka mzima aliamka alfajiri kwa ajili ya siku hii moja. Wawili wa kwanza wangekwenda mchujo wa taifa. Mwanzia akikosa, Waruguru atakuwa amempokonya damu yake msimu mzima bure, na hakuna maneno duniani yatakayolifuta jambo hilo. Tayari mama yake Njau alikuwa ameacha kumsalimia. Jumapili iliyopita kanisani aliketi benchi la mbele yake akampa mgongo ibada nzima, hata wakati wa kupeana mikono.

"Madam Waruguru!" Oluoch, mtangazaji wa mashindano, alimjia na kipaza sauti chake kwapani. Alikuwa mkimbiaji zamani, na sasa alikimbia kwa mdomo. "Huyu wako wa lami nampa namba sita. Na hapo nimemhurumia."

"Mpe hata kumi. Atakuwa kwa wawili wa kwanza."

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni, madam. Ungeleta Njau."

"Enda utangaze, Oluoch. Hiyo ndiyo kazi umelipwa."

Oluoch alicheka akaenda zake. Waruguru hakucheka. Utabiri wake haukutoka hewani. Alikuwa amemfuata Mwanzia kwa pikipiki jioni nyingi, akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa kijana mwingine yeyote. Wengine wote, mbio zikifika katikati, pale ambapo mwanzo umesahaulika na mwisho hauonekani, walilegea bila wenyewe kujua. Mwanzia hakulegea. Alijihesabia vituo vya njia yake ya jioni: yuko Kenyatta Road, halafu yuko Mugutha, halafu anaikaribia Toll, na kila mahali alipajua palikuwa na mwendo wake. Njau alikuwa na kasi zaidi mwishoni, hilo halina ubishi, lakini katikati alilala. Na mbio za elfu kumi hushindwa katikati. Ndivyo alivyomweleza Njau uso kwa uso, naye Njau alimsikiliza hadi mwisho akasema, "Sawa, Tata," kama Wagikuyu wanavyomwita shangazi, kisha akaondoka bila kugeuka nyuma.

Kulikuwa na kasoro moja, nayo ilijitokeza wiki tatu zilizopita walipofanya mazoezi kwenye kiwanja cha shule pale Ruiru. Mwanzia aliwazidi wenzake, akawaacha, akawazunguka, akiwatangulia mzunguko mzima. Basi alipowakuta tena mbele yake, aliwaona ni watu wanaomshinda. Akawakimbiza. Akawapita, akaona wengine, akawakimbiza hao pia, mpaka akaanguka kwenye nyasi akihema, na kumbe muda wote yeye ndiye aliyeongoza.

"Kochi, kwa barabara mtu akiwa mbele yako amekushinda," alijitetea. "Hakuna ingine."

Hapo ndipo walipobuni neno. Jioni, kandokando ya barabara kuu, kuna watu wengi wanaotoka kazini, na Mwanzia huwapita bila hata kuwaangalia, maana hao ni abiria wanaowahi stejini, hawamo mbioni. Wakakubaliana kwamba kila aliyezungukwa ataitwa abiria. Waruguru atasimama upande wa kumalizia, ataje mahali alipofika barabarani na amwonyeshe abiria. Mwingine atasimama ng'ambo ya pili afanye vivyo hivyo. Na katika kikundi kizima, aliyezijua mbio za uwanjani vya kutosha kumtambua aliyezungukwa kwa kumtupia jicho alikuwa mmoja tu, naye ni Njau.

Alimwomba. "Sawa, Tata," akasema tena. Sawa ile ile. Tangu siku hiyo Waruguru hakulala vizuri.

Bastola ililia.

Mizunguko ya kwanza ilikwenda kama alivyoota. Kitonga, bingwa wa kaunti, alishika uongozi, na nyuma yake wanaume watano walijipanga, Mwanzia akiwa wa mwisho wao, mabega yamelegea, macho yametulia. "Juja!" Waruguru alimpigia kelele alipopita. "Bado uko Juja, tulia!" Mwanzia alitikisa kichwa. Baadaye akampa Kenyatta Road, na mmoja akaachwa nyuma. Katikati ilipofika alimpa Mugutha, na ikatokea kama alivyosema: mmoja wa wale watano alianza kulegea, kisha mwingine, na Mwanzia akawapita kama mtu anayeenda dukani. Sasa walibaki watatu mbele, Kitonga, kijana mmoja mwenye soksi nyeupe, na Mwanzia. Waruguru alifurahi, kisha akajichukia kwa kufurahi mapema.

Kisha wakaanza kuwakuta waliozungukwa.

Upande wake aliwashughulikia vizuri. "Abiria! Abiria wawili, wapite tu!" Mwanzia aliwapita bila kubadili mwendo. Lakini akiingia upande wa ng'ambo, Waruguru alitega sikio asisikie kitu. Muziki wa Oluoch ulikuwa juu, sawa, lakini mwanzoni sauti ya Njau ilivuka uwanja mzima, na sasa kimya. Watu walikuwa wamejazana kwenye uzio wa kule, hata Njau mwenyewe hakuonekana. Mzunguko uliofuata, kimya tena. Mwanzia alipotokea kwenye kona alikuwa ametoa kichwa mbele kidogo, dalili aliyoijua.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali ilimjia yenyewe, na ikishakuja haiondoki. Alikumbuka ile sawa. Alikumbuka mgongo wa wifi yake kanisani. Nani angemlaumu Njau? Hahitaji kusema uongo wala kumtega mtu. Anahitaji kunyamaza tu, na Mwanzia atajimaliza mwenyewe, na dunia nzima itasema kwamba angepelekwa Njau.

Hasira ilimpanda. Mwanzia alipompita alimpigia kelele, "Toll! Uko Toll!" kisha akaacha mahali pake akashika njia ya nyuma ya watazamaji, akikimbia kwa miguu yake ya miaka arobaini na kitu, koti likimpiga magotini, akisukuma watu bila kuomba radhi. Alikuwa tayari na maneno yake. Aliyapanga njia nzima, na hakuna hata moja lililokuwa zuri.

Alipopenya umati wa ng'ambo, alimkuta Njau amepanda juu ya jiwe kando ya uzio, kifua wazi katika baridi ile, ngozi imemsisimka, shati lake jekundu mkononi. Wakimbiaji wawili wazito walikuwa wanakuja, na Njau alilishusha shati chini, akalipunga mara mbili juu ya majani: abiria wawili. Nyuma yao Mwanzia aliliona, akawapita bila haraka. Njau alifungua mdomo kusema kitu na hakikutoka. Sauti ilikuwa imekwisha. Shingo yake ilijaa mishipa kwa kelele alizokwisha kupiga.

Njau alimwona shangazi yake. Akaona uso wake, akauelewa wote.

Kisha akanong'ona kwa kile kilichobaki cha sauti. "Tata, nani ako kwa post yako?"

Waligeuka wote wawili kutazama upande wa kumalizia, na waliyoyaona yalimtoa Waruguru roho. Waliozungukwa watatu walikuwa wamejikusanya mbele ya Mwanzia, na pale palipotakiwa mtu wa kumwambia hakukuwa na mtu. Mwanzia aliwaona. Mabega yake yakapanda. Akawakimbiza. Aliwapita wote watatu kwa kasi ya mtu anayeokoa maisha yake, na alipowamaliza kichwa kilianza kumyumba, na soksi nyeupe zikazidi kwenda mbele. Nyuma yake mwanamume aliyekuwa ameachwa zamani alianza kumkaribia.

"Nimemuua," Waruguru alisema. "Ngai, Mungu wangu, nimemuua mwenyewe."

Njau hakungoja amalize. Aliruka kutoka kwenye jiwe akatimua mbio nyuma ya watazamaji, akipita upande wa pili, mbali na njia ya wakimbiaji, ili mwamuzi yeyote asipate kusema anamvuta mwenzake kwa kukimbia sambamba naye. Huyo ndiye aliyekuwa na kasi ya mwisho. Watu walimpisha wakicheka, kijana kifua wazi na shati mkononi. Waruguru alimwona akipotea nyuma ya hema la huduma ya kwanza, akatokea tena, akapotea tena. Kitonga alikuwa ameshaikaribia kengele ya mzunguko wa mwisho. Njau alifika mahali pa shangazi yake kengele ikiwa inalia, na Mwanzia yu njiani anakuja, meno nje.

Mbele ya Mwanzia kulikuwa na migongo minne. Njau alilishusha shati chini juu ya majani, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akalinyanyua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, akalielekeza kwa mmoja tu, mwenye soksi nyeupe.

Hata kutoka ng'ambo, Waruguru aliona mabega ya Mwanzia yakishuka.

Mzunguko wa mwisho alimpita karibu kabisa, na Waruguru hakujua ampe mahali gani, mdomo ukachagua wenyewe. "Nyumbani!" alilia. "Mwanzia, hiyo ni geti ya nyumbani!" Hakujua kama amesikia. Wakaingia kona ya mwisho, umati ukanyanyuka mbele yake, naye akabaki akitazama migongo ya watu. Miaka yote aliyofanya kazi hii hakuwahi kuukosa mwisho wa mbio. Alisikia kelele tu. Kisha muziki ukazimwa, na Oluoch akachukua muda wake wote kama mtu anayefurahia mateso ya wengine.

"Namba moja, Kitonga! Na namba mbili, wananchi, kwa kifua, kwa kifua tu..." Akakohoa. "Namba mbili, Mwanzia wa Mugutha. Madam Waruguru, popote ulipo, mimi nimeomba radhi."

Alizunguka uwanja polepole. Aliwakuta wamekaa kwenye nyasi, Mwanzia amelala chali akihema na kucheka, Njau kando yake akimfungulia kamba za viatu. Shati alikuwa bado hajavaa.

"Kochi," Mwanzia alisema, "wewe ulienda wapi? Nilifika hapo nikakosa mtu."

Angeweza kusema alikwenda kutafuta maji. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na Mwanzia angeyaamini. Lakini Njau alikuwa amenyanyua macho.

"Nilisikia kimya," Waruguru alisema, akimwangalia Njau. "Nikadhani umenyamaza makusudi. Nilikuja kukugombeza, na kidogo niharibu kazi ya watu wote. Nisamehe, baba."

Mwanzia aliacha kucheka. Njau alilikunjua shati lake jekundu, akalivaa taratibu, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Alipozungumza, ilibidi Waruguru apige magoti kwenye nyasi ili amsikie.

"Hata mimi nilijua nitanyamaza," alinong'ona. "Ndiyo nia nilikuja nayo kutoka nyumbani. Abiria wa kwanza alipofika nikafunga mdomo kabisa." Akameza mate, na ikaonekana kwamba yalimuuma. "Halafu nikamwona Mwanzia anaanza kumkimbiza, Tata. Nikaita, sauti ikakatika, nikavua shati. Kunyamaza kukanishinda."