Bitana ya Nguo za Waliozama

Kila Alhamisi alasiri, pasi ya mkaa ikishapoa, Mukankusi husukuma vitambaa pembeni mwa meza ya kukatia ili kitabu kipate pa kukaa. Kibanda chake cha kushonea kiko Rubona, karibu na gati, mahali ambapo upepo wa upande mmoja unanuka sambaza, dagaa wa ziwa, na wa upande wa pili unanuka kimea cha bia. Wasomaji ni wanne. Mzee Johnson, dereva mstaafu wa malori aliyekulia Karagwe, ndiye anayesoma kwa sauti, kwa kuwa Kiswahili chake hakijikwai. Jolly, aliyerudi kutoka Uganda na sasa anauza nyuzi na vifungo, kazi yake ni kupinga. Mukankusi husikiliza huku anashona. Bibi Nyirabahire, muuza sambaza, hajui kusoma, lakini kitabu ni chake. Alikikuta kwenye rundo la karatasi za kufungia samaki, na kabla Johnson hajakiokoa, jalada na sura ya kwanza vilikuwa vimekwenda na wateja. Ndiyo maana hakuna anayejua kinaitwaje wala nani alikiandika.

Kanuni yao ni sura moja kwa Alhamisi, na hakuna kuchungulia mbele. Waliapa hivyo baada ya Jolly kuchungulia mwisho wa riwaya iliyotangulia na kuusimulia wote kwenye foleni ya bomba.

Siku ya sura ya nane, Johnson alisoma habari za mwanamke aliyemshonea mumewe kizibao cha kuvukia mto. Ndani hakutia pamba. Alitia bitana ya nguo za watu waliozama, akaikaza kwa mishono miwili sambamba. "Kwa kuwa maji," Johnson akasoma, "hayachukui kitu kimoja mara mbili." Sura ikaishia hapo.

Mukankusi aliacha kifungo kikining'inia kwenye uzi.

"Muzee, rudia hapo kwa mushono."

Johnson akarudia.

"Mbili, zinafuatana?"

"Miwili. Sambamba."

"Bon," akasema Mukankusi, akatazama kona ya kibanda.

Kwenye kona hiyo kulikuwa na kazi ya Kimenyi, mwenye boti ya abiria. Sheria inataka kila abiria avae jile, ile fulana nene ya kumwelesha mtu majini, na Kimenyi aliagiza majile ya kitambaa cha rangi ya chungwa, yajazwe sponji la magodoro yaliyochakaa. Sponji hunywa maji kama mlevi, na Mukankusi alimwambia hivyo. "Mama Munezero, mi naomba rangi tu," Kimenyi alimjibu. "Rangi inaonekana mbali." Mwaka uliopita boti hiyohiyo iliwamwaga watu ziwani, imejazwa mpaka maji yanalamba ukingo. Cyusa, mwana wa Nyirabahire, alizama siku hiyo. Wakubwa walichunguza wakakuta ni upepo.

Kila Jumatatu boti hiyo humpeleka Munezero, mtoto pekee wa Mukankusi, kwenye shule anayofundisha upande wa kusini wa ziwa. Barabara ya kule iliondoka na maporomoko ya mvua, haijarudi.

"Mama Cyusa," Mukankusi akamwambia Nyirabahire, "ile chemise ya Cyusa, ile alitoka nayo kwa maji, ungali nayo?"

"Iko kwa sanduku. Unaitaka ya nini?"

"Bitana."

Nyirabahire alifikiri kidogo. "Lakini kola usikate. Kola aliipenda."

Mkasi ulipoingia kwenye lile shati, maji yalitoka. Yalikuwa ya ziwa, ya baridi, yakajaza beseni, na ndani yake walikuwamo sambaza wawili. Nyirabahire aliwageuza kwa kidole, akasema ni wadogo kwa msimu huu, akawaweka kwenye ndoo yake. Mukankusi alipangusa sakafu akaendelea kukata. Kola aliiacha nzima, akaishonea kwa ndani, mahali pa moyo.

Jile likajaribiwa kwenye pipa la maji. Lilikaa juu kama kifuniko cha sufuria, halikulowa. Jolly, ambaye si mwanamke mwepesi, akalikalia. Halikushuka.

"Banange, linakataa!"

"Halikatai," akasema Mzee Johnson. "Linakataliwa."

Habari haikukawia. Waliofiwa mwaka ule wakaleta walichokuwa wametunza: suruali, sweta, joho la kwaya. Kila nguo ilitoa beseni lake, na Mukankusi akazoea kukatia nje, karibu na mtaro. Jile la Cyusa alimwekea Munezero. Mengine Kimenyi aliyachukua, akayasifu kwa rangi, akawavalisha wafanyakazi wake.

Jumanne moja Janvier, mfanyakazi wa boti, alikuja kibandani kuomba kamba ya jile ifupishwe. Alisimulia huku akila muhogo. Walikuwa katikati ya ziwa, hakuna upepo. Karibu naye alikaa muuza viazi wa Kanama.

"Maji ikapanda, ikafika kwangu. Ikaninusa hapa, kwa kifua. Kisha ikapita, ikamubeba ule wa viazi."

"Boti ilipinduka?" Mukankusi akauliza.

"Haikutikisika hata. Njo vile mutu anachota chumvi kwa meza. Viazi zilibaki, mama. Hata benchi ilikuwa ingali moto."

Alhamisi iliyofuata walisoma sura ya tisa. Mume katika kitabu alivuka mto, akafika salama, nguo kavu. "Maji hayachukui kitu kimoja mara mbili," Johnson akasoma, "lakini hesabu yake hayaisahau. Yakimkosa mmoja, humchukua aliye karibu naye."

Ndoo ya Nyirabahire ilikuwa ikidondosha.

"Mi nilisema tusome mbele!" Jolly akaja juu.

"Uliapa, Jolly."

"Muliapa nyinyi. Mi siku ile nilikohoa tu."

Mukankusi alivua tepu ya kupimia shingoni, akaenda kwa Kimenyi. Alimkuta anapigilia benchi jipya ndani ya boti.

"Patron, ile majile irudishe. Ama upunguze watu. Maji ikikosa mumoja, inachukua jirani."

"Najua, Janvier aliniambia." Kimenyi alitoa msumari mdomoni. "Ariko, Mama Munezero, kwa boti kila mutu ni jirani ya mutu. Sasa nipunguze nani? Watu wanakuja juu ya majile yako. Mbele ya hapo walikuwa wanaogopa."

"Waogope basi."

"We shona, mama. Shona mbio. Wote wakivaa, maji itachukua nani?"

Mukankusi na Johnson walienda pia kwa wakubwa. Afisa aliwasikiliza vizuri, akawapa viti, akauliza majile ni ya rangi gani. Wakamjibu. Akasema basi rangi ni sahihi.

Wiki hiyo mjane wa muuza viazi alishuka kutoka Kanama. Maji yalikuwa yamemrudisha mume wake ufukweni, na yeye alikuja na koti lake, limekunjwa vizuri, limepigwa pasi. Alitaka jile kwa shemeji yake, kwa kuwa shemeji ndiye anayeendesha biashara ya viazi sasa, na lazima avuke. Mukankusi alimweleza yaliyoandikwa katika sura ya tisa. Mjane alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mutu wa pembeni yake atakuwa nani?" akauliza.

"Hatujui."

"Haya," akasema mjane. "Kata tu."

Tangu hapo kitambaa hakikupungua kibandani. Kila aliyechukuliwa aliacha nguo, kila nguo ilitoa jile, na kila jile lilimpata mtu wa kukaa karibu nalo. Wageni wasiojua waligombania nafasi hizo, wakidhani bahati huambukiza kama mafua. Wenyeji walijua, wakanyamaza, wakaleta vipimo vyao. Riwaya iliendelea sura kwa sura. Mwanamke wa kitabuni naye alikuwa bado anashona.

Jumatatu ya mwanzo wa muhula, Mukankusi alimsindikiza binti yake gatini. Ziwa lilikuwa limelala, halina hata mkunjo, na lilikuwa jeusi kidogo kuliko lilivyopaswa kuwa saa ile ya asubuhi. Boti ilikuwa imeshuka sana.

"Usiende, shenge, mwanangu. Ngoja wiki hii ipite."

"Mama, watoto wana mtihani. Na hii jile si uliishona we mwenyewe?"

"Niliishona."

"Basi."

Munezero alikaza kamba, akapanda. Mukankusi alimfuata Kimenyi, akamwomba amkalishe binti yake kati ya Janvier na shemeji wa muuza viazi, wote wawili wakiwa na majile, ili maji yasipate wa karibu.

"Haiwezekani," akasema Kimenyi, akihesabu vichwa kwa kidole. "Wenye jile nawatawanya. Kila mutu anataka kukaa pembeni ya mumoja."

Nafasi iliyo karibu na Munezero ikachukuliwa na mwanamke mgeni, mnene kiasi, mwenye chupa ya uji na kitenge kipya cha bluu chenye maua ya njano. Alijisogeza mpaka bega lake likagusa kitambaa cha chungwa. Kisha akamwona Mukankusi amesimama gatini, mikono kifuani, akamwonea huruma, kama mama anavyomwonea mama mwenzake.

"Usiogope, mama!" akamwita, huku boti ikisukumwa. "Mi niko hapa pembeni yake. Nitakuangalilia mutoto."

Mukankusi alifungua mdomo. Boti ilikuwa bado karibu, neno lingefika.

"Asante sana, mama," akasema, na macho yake, kwa mazoea ya kazi, yakapima kile kitenge. Kilikuwa kizito, hakijafuliwa hata mara moja. Kingetoa majile mawili.