Bango Lililobandikwa Kinyume

Krrr-tak. Krrr-tak.

Wubishet alikuwa amegeukia ukutani akikata kamba, na mkwaruzo huo ukamshtua kabla hajaona chochote. Mashine yake aliijua kwa sauti. Kikohozi cha namna ile maana yake karatasi imepinda na kichwa cha wino kinaiburuta. Alipogeuka, mambo yalikuwa yameshaharibika: mstari mweusi, mnene kama kidole, ulikuwa umepita katikati ya uso wa Yirdaw, kuanzia jicho la kushoto hadi kidevuni.

"Hata leo?" aliifokea mashine. "Hata kwake?"

Aliivuta ile karatasi, akaitupa pembeni juu ya rundo la mabango yaliyoharibika, akasafisha kichwa cha wino kwa kitambaa huku akiuma midomo, akaanza upya. Safari hii Yirdaw alitoka mzima. Shati jeupe, koti jeusi, tabasamu la mtu aliyeambiwa asitabasamu. Juu kulia utepe mweusi, chini kushoto mshumaa unaowaka. Katika mji mzima wa Dessie hakuna asiyejua maana ya utepe na mshumaa kwenye bango.

Wubishet alikuwa ametengeneza mabango ya kila namna. Waimbaji wa sikukuu ya mwaka mpya, wahitimu waliovaa majoho, wagombea walioahidi maji ya bomba, warembo wa shampuu wenye misuko inayong'aa. Alijivunia kazi yake na hakuficha. Ukimwambia bango lake lina kasoro, alikutolea macho mpaka ukaomba radhi. Lakini hili angetamani lisichapwe kamwe, kwa sababu Yirdaw alikuwa rafiki yake tangu walipokuwa wakigombania mpira wa matambara nyuma ya kanisa.

Lori lake lilikuwa limempindukia asubuhi, kwenye mteremko wa barabara ya Djibouti, kule chini kwenye joto la Afar. Kufikia adhuhuri madereva wote walijua, na mafundi, na wauza mafuta. Mtu mmoja tu alikuwa hajui, naye ni mama yake, Bogalech, ambaye wote walimwita Etiye kwa heshima, aliyekuwa akimimina kahawa kibandani kwake katikati ya maegesho ya malori, amezungukwa na watu waliojua.

Na hakupaswa kujua. Bado. Habari ya kifo mtu hapewi mchana, akiwa peke yake, akiwa kazini. Huja alfajiri, pamoja na ndugu na majirani na kasisi, nyumba ikajaa watu kabla neno halijatamkwa, ili anayeanguka aangukie mikononi mwa watu. Kaka wa Etiye Bogalech, mzee Gashe Demissew, ndiye aliyechaguliwa kulitamka. Mpaka hapo, kila mtu alifunga mdomo wake. Mabango yangebandikwa kwenye vioo vya malori baada ya hapo, wala si dakika moja kabla.

Kwa hiyo Wubishet aliyafunga mabango ndani ya turubai na kuyapeleka mwenyewe, kwa njia ya nyuma, hadi kituo cha mafuta nje ya mji. Seid, kiongozi wa madereva, alikuwa akimngoja. Seid alifunua pembe moja ya turubai, akatazama, akafunika haraka.

"Umemfanya aonekane hai," alisema.

"Ndiyo kazi yangu."

"Umefanya vibaya sana, Wube." Akafuta macho kwa mkono wa koti. "Haya, nitayaweka chini ya kiti. Nenda. Na ukipita kwake, tabasamu."

Wubishet alirudi dukani akiwa ameishiwa nguvu. Alikaa juu ya ndoo, akanywa maji, akatazama chumba. Kitu kilikuwa kimepungua. Pale penye rundo la mabango yaliyoharibika palibaki sakafu tupu.

Alitoka nje mbio. Mlango wa pili alikuwa Habtu, fundi cherehani, aliyekuwa akimwangalizia duka kila akitoka.

"Habtu! Karatasi zangu mbovu ziko wapi?"

"Si Etiye Bogalech amezichukua? Kila baada ya mvua huja kuzichukua, abandike kibandani kwake upepo usipite. Leo ni mara ya kwanza?"

"Umempa?"

"Nimempa haraka haraka, Mungu anisamehe. Aliniuliza watoto wangu hawajambo, nikaona machozi yananijia. Nikazikunja zote, nikamtwika, nikamwambia nenda mama, mvua inakuja." Habtu aliona uso wa mwenzake. "Nini? Kulikuwa na nini humo?"

Wubishet hakungoja amalize. Alikuwa ameshafika kona ya barabara.

Alikimbia akiteleza kwenye matope, akiwapita punda waliobeba kuni za mkaratusi. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka kutoka mlima Tossa. Kichwani aliona kitu kimoja tu: mama anakunjua karatasi, peke yake, brashi ya gundi ikiwa hewani, na mwanawe anamtazama kwa jicho moja, mshumaa ukiwaka chini yake. Nani atamdaka? Bati?

Kibanda kilikuwa pale pale, miti minne na mabati, moshi wa ubani ukitoka mlangoni. Ndani, madereva wawili walikaa kwenye viti vifupi wakitazama vikombe vyao. Mmoja alikuwa Aragaw, jitu lenye sauti ya honi, ambaye kwa kawaida husikika kabla hajafika. Leo alikuwa bubu. Etiye Bogalech alikuwa amesimama juu ya kigoda, mgongo kwao, sufuria ya gundi ya unga wa ngano ikining'inia mkononi. Mwimbaji mmoja na mhitimu mmoja walikuwa wameshabandikwa ukutani, baina ya Mtakatifu Gabrieli, aliyewekwa kwa ajili ya wateja wa kanisani, na Kaaba, iliyowekwa kwa ajili ya kina Seid. Bunda lililobaki lilikuwa juu ya meza, limekunjwa.

Wubishet alipumua.

"Wube!" mama aligeuza shingo. "Unahema kama punda wa soko. Umekuja kudai makaratasi yako? Umechelewa. Takataka ikishafika kwangu ni mali."

"Nimekuja kukusaidia, Etiye."

"Wewe? Mwezi uliopita nilikuomba unishikie kigoda, ukaniambia wewe ni msanii."

"Leo msanii ana nafasi. Shuka, utaanguka."

"Msikieni! Nimepanda kigoda hiki kabla mama yako hajakuachisha ziwa." Lakini alishuka, akacheka, akamkabidhi sufuria. "Haya, panda. Ila nachagua mimi. Wagombea sitaki, wananikodolea macho nikihesabu vikombe. Fungua nione."

"Hapana, wewe tengeneza kahawa, mimi nitachagua—"

"Ukuta wa nani?"

Wubishet alimtazama Aragaw. Hakuwa na namna ya kumwambia lolote, ila alilishika bunda kwa mikono miwili kama mtu anayeziba tundu, na macho yake yakasema. Aragaw alikunja uso, akaangalia bunda, akaangalia mama, kisha rangi ikamtoka.

"Fungua, mwanangu, gundi inakauka," alisema Etiye Bogalech, akakaribia.

Alifungua karatasi ya kwanza. Mkimbiaji akikata utepe. "Huyu weka mlangoni, atukimbizie wateja waje." Ya pili, mgombea. "Huyo mpe mbuzi ale." Ya tatu, mrembo wa shampuu. "Huyu abaki, nywele zangu ziwe na rafiki." Kila alipovuta karatasi, Wubishet alihisi ile iliyobaki ndani ikikaribia. Aliiweka ya mwisho ikiwa imejikunja, akaibana kwa kiwiko.

"Na hiyo?"

"Hii imeharibika sana."

"Zote zimeharibika, ndiyo maana ni zangu. Lete." Akanyoosha mkono, akashika pembe.

Hapo Aragaw alisimama kwa ghafla, goti lake likapiga jiko, na birika la udongo likapinduka juu ya makaa. Mvuke ulifuka *fuuu* mpaka juu ya bati.

"Aragaw! Umelogwa? Kahawa yangu!" Mama aliiachia karatasi, akarukia birika.

Wubishet aliikunjua. Yirdaw alimtazama kwa jicho lililobaki. Hapakuwa na pa kuificha; shati lake lilikuwa jembamba, mlango ulikuwa upande wa mama, na makaa yangezua maswali. Kulikuwa na ukuta tu. Alichovya brashi, na kwa mkono ule ule uliozoea kusahihisha nyuso za watu, akampaka rafiki yake gundi usoni. Paji la uso, macho, mdomo. Alipaka upesi, bila kupumua, kisha akaligeuza bango na kulipiga kwenye bati, mgongo mweupe ukitazama nje.

Alishusha mkono. Alidhani amemaliza.

Lakini ilikuwa karatasi nyepesi, ile anayoitumia kwa kazi za haraka, na gundi ilikuwa ya majimaji. Weupe ulianza kulowa. Kwanza doa la kijivu, kisha doa jeusi, kisha, pole pole, kama kitu kinachoelea kuja juu ya maji, pembe ya utepe ilionekana. Kisha ncha ya mshumaa. Bega la koti lilianza kuja.

Alimnyakua mrembo wa shampuu, akampaka, akambandika juu yake, akasugua kwa viganja vyote viwili mpaka bati likalia.

Alipogeuka, Etiye Bogalech alikuwa amesimama nyuma yake, birika mkononi, masizi kwenye kidole gumba. Hakuwa akicheka tena.

"Ile umeibandika mgongo nje," alisema.

"Ilikuwa mbovu, Etiye. Nimeona izibe upepo tu."

"Ilikuwa na mshumaa."

Nje lori liliwashwa, likazimwa. Wubishet alitafuta uongo. Mabango ya msiba alichapa kila wiki; angeweza kusema ni mzee wa Kombolcha, ni mwalimu mstaafu, ni mtu yeyote. Uongo ulifika mpaka kwenye meno, ukakataa kutoka.

Mama alimwangalia Aragaw. Aragaw alikuwa akiokota vigae visivyokuwepo. Alimwangalia dereva wa pili, aliyekuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono yote miwili. Aliwatazama kwa zamu, taratibu, kama anayepanga vikombe kwenye sinia. Tangu asubuhi hakuna aliyembishia. Hakuna aliyesema kahawa imepoa. Hakuna aliyemtania.

Aliliweka birika chini. Akakaa. Aliongeza maji, akachochea makaa, akakoroga, na wote watatu wakamngoja kama watoto waliovunja kitu. Kahawa ilipochemka aliwamiminia, mkono wake ukiwa umetulia kabisa, na hilo ndilo lililomtisha Wubishet kuliko kelele yoyote.

"Binti wa jirani yangu Tsedale alipofia Beirut," alisema hatimaye, akitazama makaa, "mimi ndiye niliyeingia kwanza kwa mama yake alfajiri. Siku moja kabla, nikiwa nimeshajua, nilikuwa na Tsedale sokoni mchana kutwa. Nilicheka naye. Nilimnunulia hina. Nilicheka vibaya, Wube, kama ulivyotania wewe ulipoingia hapa."

"Etiye, mimi—"

"Nyamaza." Aliinua kiganja. "Hujatumwa wewe. Una mdomo mchanga, neno hilo litakuvunja meno. Sikuulizi ni nani. Nikikuuliza utanijibu, nakujua, huwezi kunidanganya tangu ulipokuwa unaiba sukari yangu na mwenzako." Alisita kwenye neno hilo la mwisho, akalimeza. "Ukinijibu, nitakuwa nimeambiwa hapa, mbele ya bati na mwanamke wa shampuu. Sitaki hivyo. Nataka niambiwe kama watu. Nataka nyumba ijae."

Aragaw alitoka nje, bega lake likipiga nguzo, na wakamsikia akilia nyuma ya kibanda, jitu zima, akijaribu kukohoa ili ionekane ni kikohozi. Yule mwenzake akamfuata.

"Mpelekee maji," alisema mama. "Halafu urudi."

Alimpelekea. Alirudi. Etiye Bogalech alikuwa amevua aproni na kuikunja vizuri, ameiweka magotini. Alionekana mdogo kuliko dakika chache zilizopita.

"Nitafunga mapema leo. Nitafagia nyumba. Watu wakija wakute pamefagiliwa." Midomo yake ilianza kutetemeka, akaibana kwa vidole mpaka ikatulia. "Demissew atazungumza. Atazunguka sana, maskini, ataanza na Adamu na Hawa. Wanawake watanishika mabega. Lakini wewe huwa unasimama nyuma, na vijana, karibu na ua, unajifanya mwanaume. Nimekuona kwenye misiba yote."

"Ndiyo, Etiye."

"Kesho usisimame nyuma."

Wubishet alipiga magoti mbele yake kwenye majani yaliyotandazwa sakafuni, akaushika ule mkono wenye masizi. Alitaka neno lake alitamke wazi, kwa sauti, asilinong'one kama mwizi.

"Nitakuwa wa kwanza mlangoni kwako, mama," alisema. "Kabla ya Gashe Demissew, kabla ya kasisi. Nitaushika mkono huu, na sitauachia mpaka wewe mwenyewe uniambie niuachie."