Kaburi la Mgomba

"Sogeza huo mstari, Mama Hillary! Si ni kubonyeza tu?"

"Nimeshakwambia hausogei."

"Ati hausogei! Hapa Bungoma barabara imewahi kupiga kona kwa sababu ya banda la kuku la diwani."

"Enzi hizo ilichorwa kwa penseli, na kifutio kilikaa mfukoni mwa diwani. Sasa iko kwenye kompyuta, Baba Hillary."

Dinah alikuwa na diploma ya upimaji. Tangu baraza la mji lipate kompyuta ya ramani, mwaka huo wa 2007, barabara mpya alizichora yeye. Hii ilipita juu ya kaburi la mwanawe.

Hakumwambia mumewe Makokha kwamba mstari ulisogea. Jana ofisini aliuvuta kando kidogo, ukakata jiko la jirani yao Emmy, mjane, na chumba wanamolala watoto wake. Akaukodolea macho. Kisha akaurudisha.

"Basi wahamishe kaburi," Makokha akasema. "La babake Wekoye si walihamisha?"

"Lile lilikuwa na maiti. Kompyuta inauliza mwili ni wa nani. Nijaze nini? Mgomba?"

Makokha akaligeukia kaburi pale uani.

Hillary alikuwa fundi wa mawe Kitale. Mto Nzoia ulimchukua karibu na Moi's Bridge, akatafutwa mpaka wapiga mbizi wakakata tamaa. Ndipo ukoo ukafanya kama inavyofanywa kwa asiyeonekana mwili: walizika shina la mgomba lililovishwa sweta yake ya kijani, wakalililia kama mtu.

"Unataka apotee mara ya pili," Makokha akasema, sauti imempasuka.

"Nani alilivisha lile shina? Si mimi? Nilifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Usinifundishe aliyelala mle."

Nyuma ya ua wa Emmy tingatinga likanguruma. Wajenzi wa barabara walikuwa wameanza upande ule, na kabla ya jioni wangefika hapa. Dinah akasikiliza, akafunga leso kiunoni.

"Hilo dude halimgusi mwanangu. Namhamisha mwenyewe, nyuma ya jiko langu."

"Kaburi huhamishwa na ukoo, Mama Hillary. Nawangoja."

"Ngoja wewe."

Akachukua jembe nyuma ya mlango, akaenda moja kwa moja kaburini. Akasimama upande wa kichwa, akainua jembe, akalishusha bila kupiga. Akazunguka, akaanza kuchimba upande wa miguu, asije akamgonga usoni.