Emerance wa Kwanza ku Mulongo

Kila asubuhi, kabla biro ya wakimbizi wa vita haijafunguliwa, Adolphe alimwagia ukuta kopo la maji, pale juu ya benchi ambapo bibi yake wa ndoa, Emerance, alikuwa ameegemeza mgongo. Emerance alitoka Djugu na kifua kibaya, akafika Bunia, akakaa wa kwanza ku mulongo, ile foleni ya kungojea jetoni, kikaratasi cha kutibiwa bure. Shefu wa biro alikuwa mu misioni, safari ya kazi, Kinshasa. Emerance akafa amekaa. Walimzika, na wiki ile ile akaota ukutani, amekuwa kuvumwani, ule ukoga laini wa kijani wa ukuta wenye maji, upana wa mabega yake.

Marie-Claire, jirani wa Adolphe kambini, bwana yake Bruno aliuawa shambani. Bruno alirudi amekuwa ndege, kipanga. Wafiwa hao wawili walibishana kila siku.

"Bruno anafika Djugu na kurudi mbele ya chai ya asubuhi," Marie-Claire alisema. "Anaona nani analima shamba yetu. Bibi ya weye iko anakaa tu."

"Ya mimi haibi makayabo, samaki ya chumvi ya watu ku soko," Adolphe alijibu.

Marie-Claire alicheka, maana ilikuwa kweli. Adolphe hakucheka. Aliyekufa kwa risasi alipewa mabawa. Aliyekufa kwa kungojea wakubwa aliachwa aendelee kungojea.

Kisha ikatangazwa kwamba mukubwa mumoja wa Serikali anakuja. Pesa ya jetoni haikuwapo tangu mwaka jana. Ya chokaa ilionekana siku ile ile. Adolphe akamwomba shefu, aliyerudi kumpokea mukubwa, amwachie Emerance. Shefu alisema ndege hana shida, ndege hachafui ukuta wa Serikali. Wakamkwangua Emerance kwa burushi ya waya, wakapaka chokaa. Mukubwa alipita ndani ya gari yake, vioo vimefungwa, hakushuka.

Kesho yake Emerance alikuwa amerudi juu ya chokaa, mahali pale pale, sasa amekunja mikono. Karani Dady alifungua dirisha, akasema yule mama wa kwanza aingie. Emerance hakuingia. Dady akaeleza kwamba wa pili hawezi kumupita wa kwanza, sheria ni sheria, akafunga.

Tangu hapo anayefika biro husalimia ukuta kwanza, ndipo anakaa. Bruno hutua juu ya mabati, samaki ya mutu mu mdomo. Juzi mama mumoja wa Aveba, anakohoa vibaya, aliuliza shefu iko wapi.

"Mu misioni tena," Adolphe alimwambia. "Kaa, mama. Uko nyuma ya bibi yangu."

Yule mama akakaa, akaegemeza mgongo ukutani.