Vidhibiti Joto vya Bei ya Kutupa

Naapa kwa meno yangu yote, ya kuzaliwa nayo na ya kununua: haya yalitokea hapa hapa Duluth, kaskazini mwa Marekani, Januari, ziwa likiwa limeganda hadi malori yanapita juu yake.

Nyumba yetu ina boila moja ya kuipasha joto, lakini mabomba yake ya maji moto yamegawanyika pande mbili: sebuleni, na chumbani kwa mama mkwe wangu, Bi Verna. Kila upande una kidhibiti joto chake ukutani. Nikaona vipya vinauzwa, vya kuamrishwa kwa simu, bei ya kutupa. Nikachukua viwili.

"Mwite fundi," akasema mke wangu, Marlys.

"Fundi wa nini? Nimetazama video nzima, mpaka matangazo yake."

"Haya. Lakini mama akilalamika baridi hata mara moja, kile kibanda chako cha kuvulia samaki juu ya barafu ziwani anakichukua kaka yangu Orrin, mpaka barafu iyeyuke."

Jamani, kibanda changu! Kina jiko, kina kochi, kina ukimya. Orrin hata akilala anaongea. Nikakubali, kwa kuwa mama mkwe namjua. Watu wa kwetu hawalalamiki, nyumba ikiwaangukia watasema, "Siyo mbaya."

Basi nikafunga vidhibiti vipya ukutani, nikafungua nyaya zote kule kwenye boila, nikazirudisha, nikawasha.

Sebule ikapata moto. Nikashusha kwa simu. Ikazidi. Nikashusha tena, mishumaa ikainama kama inasali, siagi ikatembea yenyewe hadi ukingoni mwa meza. Nikaizima simu, nikaiwasha, nikaikemea.

"Labda jirani anatuibia," nikamwambia Marlys.

"Anatuibia kwa kutuletea joto? Mwizi wa wapi huyo?" Alikuwa ameshavua soksi.

Mara Bi Verna akatoka chumbani kwake, amevaa koti la manyoya, glovu, na kofia mbili, moja juu ya nyingine.

"Mama, chumba kikoje?" nikamuuliza.

"Siyo mbaya, mwanangu. Nimekuja kuwaona tu." Akakikumbatia kikombe changu cha kahawa kwa mikono miwili, akarudi nacho chumbani.

Nikashusha tena. Hapo samaki wangu aliyekaushwa, yule wa pambo ukutani, akaanza kutoka jasho. Naapa!

Marlys akanitazama, akaitazama simu, kisha akaenda kusimama mlangoni kwa mama yake.

"Mama, hebu kipandishe chako."

"Nisije nikawasumbua…"

"Pandisha, mama."

Mabomba ya sebuleni yakagonga, ko, ko, ko, yakazidi kuwaka.

"Sasa wewe, mzee, pandisha cha huku."

Nikapandisha. Mabomba yaliyoanza kuamka yalikuwa ya chumbani kwa Bi Verna.

"Umezipishanisha nyaya, fundi wa video!" Marlys akapiga kelele. "Ukishusha chako unamgandisha mama. Yeye akipandisha chake anatuoka sisi!"

"Au labda ni satelaiti…"

"Wendell!"

Nikabaki na ngao moja tu. "Hata hivyo, mama hajalalamika."

Tukamgeukia Bi Verna. Akavua glovu moja, taratibu, kidole kwa kidole.

"Wala silalamiki, mwanangu. Nilitaka kuuliza tu: Orrin hupenda kuvua asubuhi, au jioni?"

Marlys akanyoosha kiganja. Nikatoa ufunguo wa kibanda.